Vijana wa Kisauni, bango tunamwachia nani?

Hebu nikuulize. Mara ya mwisho kusikia bango ulikuwa wapi? Najua. Ilikuwa harusi ya binamu yako, zile saa za wazee, saksofoni ikaanza kulia na wewe ukatoka nje eti kupokea simu. Au ilikuwa matangani huko Rabai, ukakaa nyuma ya gari ukingoja iishe. Ukirudi kwenye maskani yenu, iwe Bamburi, Mtongwe au Chaani, spika ni ya amapiano, Bongo Fleva na arbantone. Hakuna ubaya, hata mimi nazipiga sana. Lakini kuna kitu chetu kinakufa huku tunakitazama, na siku tutakapokitaka tutakinunua kwa wageni.

Anayetajwa kuwa baba wa bango ni Mzee Joseph Ngala, mtoto wa Freretown, hapa hapa Kisauni. Jina la mtindo mzima limetokana na wimbo wake. Tega sikio vizuri utasikia jazi ya Marekani kwenye ile saksofoni, utasikia taarabu, utasikia muziki wa Kireno kwa mbali, na maneno ni Kiswahili na lugha za Mijikenda. Wajua kwa nini mchanganyiko kama huo ulizaliwa Freretown na si kwingine? Kwa sababu Freretown yenyewe ni mchanganyiko. Mwaka 1875 wamishonari wa Church Missionary Society waliianzisha iwe makao ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wengine asili yao ilikuwa Wayao, wengine Wamakua, wengine walitoka upande wa Nyasa. Wengine walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik, India, wakarudishwa huku wakiwa watu wazima. Hawakuwa na babu mmoja wala lugha moja. Iliwabidi waanze ujirani upya kabisa.

Ile kengele ya Kengeleni, unayoipita na matatu kila siku ukiwa kwenye simu, ni yao.

Kwa hivyo ukisema bango ni muziki wa wazee wa kijijini, unakosea mtaa. Huu ni muziki wa watu wa mjini, watu wa mshahara na kodi ya nyumba, waliokuwa wakitafuta jamaa wapya. Na si wa kwanza kufanya hivyo hapa Mombasa. Kabla yake kulikuwa na beni. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hiyo mwaka 1975. Mombasa ilikuwa na makundi mawili yaliyokuwa yakishindana, Kingi na Scotchi, kwa tarumbeta, ngoma na sare za kijeshi. Watu walitumia pesa kufunikana, walitaniana, walichekana. Lakini ngoma zile hazikuishia kwenye kucheza. Beni iliposambaa Afrika Mashariki, vyama vyake vilikuwa vya kusaidiana pia. Mwenzenu akiugua, mwatoa. Akifa, mwamzika. Nataka ulishike hilo, kwa sababu ndilo ninaloliona kwenye bango, na ndilo tunalolipoteza.

Sasa nikutoe Kisauni kidogo, nikupeleke kaskazini mwa Uingereza, halafu turudi. Miaka ya 1970 kule kulikuwa na miji ya viwanda na migodi ya makaa. Vijana wake walifanya kazi ngumu wiki nzima, na wikendi hakukuwa na mengi ya kufanya. Wakazipenda santuri za soul za Wamarekani weusi, tena si zile zilizovuma. Walipenda zile zilizokataliwa sokoni, zilizotolewa nakala chache zikasahaulika kwao. Muziki huo ukaitwa northern soul, jina alilolitoa mwandishi na mfanyabiashara wa santuri aitwaye Dave Godin. Kuanzia 1973 hadi 1981, ukumbi wa Wigan Casino ulijaa usiku kucha. Watu walikuja kwa basi na treni kutoka miji ya mbali. Walimwaga poda sakafuni ili kiatu kiteleze. Pombe haikuuzwa. Sitakudanganya, vidonge vilikuwepo na polisi walijua. Lakini wengi waliendea kucheza na kuonana.

Wimbo mmoja wa Frank Wilson, uliorekodiwa 1965, ulibaki na nakala chache mno hivi kwamba mwaka 2009 nakala moja iliuzwa zaidi ya paundi 25,000. Gari hilo, bro. Mwimbaji alikuwa Mmarekani, lakini thamani ile ilitengenezwa na vijana wa viwandani walioupenda wimbo wake bila kuambiwa na redio. Na mpaka leo, wakiwa na mvi na magoti mabovu, bado wanakutana kucheza zile zile. Wanajuana kwa majina, na wengi wamezikana.

Unaona ninakoelekea? Sisi tunayo hali ile ile. Changamwe ni mtaa wa kazi. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilifunguliwa pale 1963 na kikaacha kusafisha 2013, ukiacha bandari, reli na magodauni. Likoni watu huvuka feri alfajiri kwenda kutafuta riziki kisiwani. Kisauni ndiko wanakolala wanaofua, kupika na kulinda mahoteli. Na kama wenzetu wa Wigan, tuna muziki ambao dunia haijauvalia miwani. Tofauti ni moja tu: wao walizipigania santuri za watu wengine, sisi tunazitupa zetu wenyewe.

Tena soul yenyewe si ngeni hapa. Slim Ali, mtoto wa Mombasa, alikuwa akiimba soul kwa Kiingereza na bendi yake ya Hodi Boys miaka ya 1970. Umewahi kumsikia? Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za zamani za Kenya uitwao Kenya Special, na ndani yake wamo Mombasa Vikings. Vikings wa Mombasa! Mimi niliwajua kupitia mkusanyiko huo, si kupitia mtu wa mtaani kwetu. Sina kinyongo na waliofanya kazi ile. Walitafuta, walisafisha sauti, waliandika majina. Swali ni kwa nini kazi hiyo haikuanzia kwenye kabati la babu yako.

Nimekaa kwenye bango Jumapili nyingi, kwa sababu mjomba wangu wa Mishomoroni hakosi. Huanza alasiri, jua likiwa bado kali. Kina mama wanakuja na dera zao zimepigwa pasi, wazee na mashati ya mikono mirefu na viatu vinavyong'aa. Hakuna anayekimbilia katikati. Wanacheza hatua ndogo ndogo, bega limetulia, kiuno hakina haraka, na uso kama mtu anayekumbuka kitu kizuri. Saksofoni inapoingia, meza nzima inainuka bila kuambizana.

Lakini nisikilize, muziki ni nusu tu. Nusu nyingine ni daftari. Kuna mama mmoja ana daftari la kurasa za mistari, na kabla bendi haijapumzika anapita meza kwa meza. Fulani amelazwa. Fulani mwanawe ameitwa shule ya upili na karo haijatimia. Hamsini, mia, mia mbili, jina linaandikwa. Mjomba alipovunjika mguu, daftari hilo lilimfikia kabla ya baadhi yetu wa ukoo. Na mimi nilipoacha chuo kwa kukosa karo, jamaa wengi waliniuliza "sasa utakuwa nini?" Mzee mmoja wa bango hakuniuliza. Alinipa bisibisi. Nilitengeneza mafriji naye miezi mitatu, akanilipa kila Jumamosi, na Jumapili tukakaa meza moja tukisikiliza bendi. Hiyo ndiyo maskani yenye mgongo.

Linganisha na maskani yetu. Tunapendana, ndiyo. Tunagawana chapati na bando la intaneti. Lakini mmoja wetu akishikwa na polisi au akiumwa, twafungua kundi la simu, twatuma emoji za kulia, na wiki ijayo tumesahau. Na huku nje jina la Kisauni likitajwa kwenye habari, utasikia mapanga kwanza. Kijana asiye na mtu mzima anayemjua kwa jina, asiye na mahali anapongojwa Jumapili, atachukuliwa na yeyote atakayemwita kwanza. Sisemi saksofoni inazuia panga. Nasema mtoto anayejulikana na meza kumi za watu wazima ana mikono mingi ya kumshika shati.

Najua utakayosema. Kwanza, bango ni taratibu mno. Sawa, lakini mbona amapiano unaingoja dakika nzima kabla ya besi kuingia na hulalamiki? Pili, bango huchezwa baa, na wewe ni Muislamu, au mlokole, au mama hakubali. Hilo ni neno zito, na nalikubali. Lakini nimekwambia Wigan hawakuuza pombe na watu walijaa miaka minane. Nani alituandikia kwamba bango lazima likae na chupa? Harusini linapigwa na soda mezani na watu wanacheza mpaka viatu vinavuliwa. Tatu, bango ni la Wagiriama na wewe si Mgiriama. Rudi juu usome tena Freretown ilikuwa ya kina nani.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu, na hakuna linalongoja serikali ya kaunti.

La kwanza, tuwe na bango la alasiri bila pombe, Jumapili moja kwa mwezi, kwa zamu: mwezi huu Kisauni, ujao Changamwe, unaofuata Likoni. Ukumbi wa shule au uwanja watosha. Zamu ina maana yake. Mtu wa Mishomoroni avuke feri aende Likoni kucheza, na mtu wa Likoni apande matatu mpaka Magongo. Feri kwa mtu wa miguu ni bure, hatuna kisingizio. Tunachanga, na bendi inalipwa pesa taslimu kabla ya kupanda jukwaani. Wazee hawa wamepigiwa makofi ya kutosha, sasa walipwe.

La pili, kaseti. Ziko chini ya vitanda, unyevu wa Pwani unazila. Nenda na simu na redio inayocheza bado, rekodi, kisha muulize mwenyewe: wimbo unaitwaje, bendi gani, nani alipiga saksofoni, mlicheza wapi. Andika. Mrudishie kaseti yake mkononi. Usiiweke mtandaoni kabla hujamtafuta mwenye wimbo au watoto wake ukaomba ruhusa. Tukifanya wizi wetu wenyewe, tutawalaumu vipi wa nje?

La tatu, wewe DJ wa matatu, wewe DJ wa harusi: bango moja katika kila seti. Si saa za wazee. Katikati, watu wakiwa wamechangamka. Na wewe prodyuza wa chumbani, ile saksofoni yataka mtu wa kuikalia na kompyuta, kwa heshima na kwa makubaliano.

Muziki haufi kwa sababu mwimbaji amezeeka. Unakufa siku ambapo hakuna anayefika pale unapopigwa. Jumapili hii kuna meza ina kiti kitupu, na daftari lina ukurasa wenye nafasi. Mpigie mjomba simu, umuulize wanacheza wapi. Halafu usitume emoji. Nenda.