Uchambuzi: Nyota zinazokufa na giza linalotoweka

Mji wa Anoka, jimboni Minnesota, umekaa pale mto Rum unapoingia katika Mississippi, kaskazini mwa Minneapolis. Usiku, mwanga wa Minneapolis na Saint Paul hupanda angani na kuzificha nyota nyingi.

Mkazi wa kiunga kama hiki mwenye darubini uani hukabiliwa na mtihani mgumu anapotafuta matabaka ya nje ya kile wataalamu wanachokiita nebula ya sayari. Jina hilo, lililoenezwa na William Herschel katika karne ya 18, linapotosha, kwani hapana sayari hapo. Ni gesi iliyotemwa na nyota mfano wa Jua inapokaribia kufa. Nje ya wingu hilo angavu mara nyingi lipo jingine, hafifu mno, lililotangulia kutemwa. Humo ndimo zilimo habari za maisha ya mwisho ya nyota, hatima inayolisubiri Jua letu miaka bilioni 5 ijayo.

Kazi hii haikuachiwa wataalamu peke yao. Januari 2023 ilitangazwa kuwa wapiga picha wa anga wa kujitolea, Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, wamegundua utepe mkubwa wa oksijeni mkabala na galaksi ya Andromeda, sehemu ya anga iliyopigwa picha kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2025 baadhi ya watafiti walitoa hoja kuwa utepe huo ni masalio ya nebula ya sayari.

Siri yao ilikuwa subira, pamoja na vichujio vinavyopitisha rangi ya oksijeni pekee. Lakini vichujio navyo vina kikomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulionyesha kuwa kati ya 2011 na 2022 mng'ao wa anga ya usiku uliongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mwaka.

Wengine wameanza kulilinda giza. Hifadhi ya NamibRand, Namibia, ilitambuliwa kimataifa kwa anga yake mwaka 2012. Boundary Waters, kaskazini mwa Minnesota, mwaka 2020.

Afrika Mashariki, iliyopitiwa na ikweta, huziona nyota za kaskazini na za kusini pia, na kuanzia Turkana hadi Serengeti giza lingalipo. Taa za barabarani ni usalama na riziki, hakuna anayezipinga. Linalotakiwa ni kuzielekeza chini tangu siku ya kuzisimika, kabla Nairobi na Dar es Salaam hazijafika ilikofika Anoka.