Kalamu ya Mwalimu wa Ihanda

Mwaka 1999 kampuni ndogo ya Marekani, Pyra Labs, ilianzisha Blogger, huduma iliyomwezesha mtu kuchapisha maandishi yake katika intaneti pasipo mtambo wala mhariri. Ndugu Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuitumia njia hiyo kwa Kiswahili, akaiita blogu yake Jikomboe. Jina lenyewe latosha. Mwaka 2005 Ndugu Issa Michuzi naye akaanza.

Lakini kanuni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipie leseni zaidi ya shilingi milioni 2. Uongo na matusi vidhibitiwe, hatukatai. Je, mwalimu wa Ihanda anayetaka kuwaandikia wakulima juu ya mnyauko wa migomba angezitoa wapi? Ada zilipunguzwa baadaye, nasi tunashukuru. Hata hivyo, mwalimu huyo asiyeuza tangazo hata moja hakustahili kudaiwa hata senti.