Stika ya lori haikingi vyombo vya mwalimu

Mwaka 2018, Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ilipokuwa ikiwahamishia walimu wengi nje ya kaunti zao, tulijadili sana umbali na familia zilizotenganishwa. Usalama wa vyombo vyetu hatukuujadili. Mimi somo hilo nilifunzwa na barabara.

Nilipohamishwa kutoka Voi hadi Bungoma, nilikodi lori. Nilimuuliza dereva kama ana bima, naye akanionyesha stika kwenye kioo cha mbele. Nikaridhika. Karibu na Timboroa, lori likapinduka. Tulisalimika sote, namshukuru Mola, lakini kabati, friji na vitabu vyangu vya miaka mingi viliangamia. Nilipodai fidia, niliambiwa kwamba stika ile haikuhusu vyombo vyangu.

Waliosema hivyo hawakunidhulumu. Bima inayolazimishwa na sheria ya magari, Sura ya 405, huwakinga watu wengine wanaoumizwa au kuuawa na gari. Haigusi mzigo. Bima ya nyumba nayo, kwa kawaida, hukinga vyombo vikiwa ndani ya nyumba iliyotajwa katika hati. Anayehama anahitaji bima ya mizigo safarini, nayo huombwa kabla ya safari kuanza.

Hata hapo, pana mitego miwili. Kwanza ni thamani. Wengi wetu hutaja thamani ndogo ili tulipe ada ndogo. Mathalani, vyombo vyako ni vya Sh200,000, nawe ukavikatia bima ya Sh100,000. Vikiharibika vya Sh40,000, kampuni yaweza kukulipa Sh20,000 tu, kwa kuwa ulikinga nusu ya mali yako. Pili ni masharti. Hati nyingi hukinga ajali, moto na wizi, lakini hazilipii kilichovunjika kwa kufungwa vibaya. Kwa hivyo, andika orodha, piga picha na uulize kila usichokielewa kabla ya kutia sahihi.

Hata hivyo, mzigo huu usiachiwe mwalimu peke yake. Mwajiri ndiye atoaye amri ya uhamisho, ilhali hasara ya njiani humwangukia anayeitii. Vyama vyetu, KNUT na KUPPET, vinapojadiliana na TSC, vidai bima ya vyombo iwe sehemu ya marupurupu ya uhamisho.

Hadi hapo, mwalimu mwenzangu, tahadhari kabla ya hatari. Usiridhike na stika, isome hati.