Twende Tukatazame Maji

 Mwezi huu hatutazungumza juu ya homa ya mtoto wala uji wa lishe. Tutazungumza juu ya matembezi. Najua wapo watakaosema, "Matembezi ni ya watu wenye nafasi, mimi nina watoto na shamba." Ni wewe hasa ninayekuandikia.

Ukitoka mjini Karatu kuelekea kaskazini, mashamba ya mahindi, maharage na kahawa yanapanda mlima mpaka yanapokutana na msitu. Mpaka wenyewe unaonekana wazi: huku shamba, kule miti. Huo ni msitu wa nyanda za juu, ulio ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1959, na mwaka 1979 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kila siku magari ya watalii hupita Karatu kwenda kuitazama kreta. Lakini ndani ya msitu huo, kwa mwendo wa miguu tu kutoka mashambani, kuna maporomoko madogo ya maji yanayoitwa Endoro. Akina mama wengi wa Karatu wamezaa na kulea watoto wao karibu nayo, na hawajayaona hata mara moja.

Kikundi chetu cha akina mama kilipopanga kwenda huko, maneno yalikuwa mengi. Baba mmoja alimwuliza mkewe mbele ya watu, "Mnakwenda kutazama maji? Kwani hayo unayobeba kila siku hujayaona?" Watu walicheka. Lakini swali lile ni zuri, na linastahili kujibiwa.

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mama anayekwenda kisimani mara tatu kwa siku amebeba kilo 60 kichwani, na mara nyingi ana mtoto mgongoni au tumboni. Mama huyo anayajua maji kama mzigo. Anajua foleni yake, matope yake na ugomvi wake. Hajapata kuyajua kama zawadi, kwa sababu hajapata siku ya kukaa kando yake mikono ikiwa mitupu.

Msitu huo hauingiwi ovyo. Lazima kupata kibali cha mamlaka ya hifadhi na kufuatana na askari mwenye bunduki, kwa sababu nyati na tembo wamo. Kijana aliyetuongoza alitwambia mapema, "Mama zangu, hapa hatuimbi. Tukisikia matawi yanavunjika, tunasimama." Basi akina mama waliozoea kuimba kwaya njia nzima wakatembea kimya. Njia inapanda na kushuka, udongo ni mwekundu, na miti imeota kuvu refu la kijivu linaloning'inia kama ndevu za mzee.

Kabla ya kufika majini, njia inapita kwenye mapango ya tembo. Usidhani tembo wanalala humo. Wanakuja usiku kuchimba udongo kwa pembe zao na kuula, kwa ajili ya chumvi na madini ambayo majani hayawapi ya kutosha. Nyati nao huja kuulamba. Kwa miaka mingi ya kuchimba, ukingo wa mlima umekuwa mapango, na alama za pembe zinaonekana ukutani. Kule Mlima Elgon, nchini Kenya, tembo nao huingia katika pango la Kitum kutafuta chumvi.

Mama mmoja kijana, mjamzito, aliushika udongo ule akacheka, akasema, "Kumbe hata tembo wana hamu!" Wote tulielewa. Wangapi kati yetu hatukula udongo wakati wa mimba? Tembo hubeba mimba miezi 22, na udongo huo ni sehemu ya chakula chake. Lakini mwili wako si wa tembo. Udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo, tena unaweza kuzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyo katika chakula. Mara nyingi hamu ya udongo huja pamoja na upungufu wa damu. Kwa hiyo usione aibu kumwambia muuguzi kliniki kwamba unakula udongo. Atapima damu yako, na vidonge vya kuongeza damu vitakufaa kuliko kipande cha udongo cha sokoni.

Tukaendelea mpaka tukasikia sauti. Sauti ya maporomoko hutangulia kabla ya maji kuonekana. Endoro si makubwa. Huwezi kuyalinganisha na Kalambo kule Rukwa, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200. Ni maji yanayoteremka kwenye ukuta wa mwamba katikati ya majani mabichi, na unyevunyevu wake unakufikia usoni kabla hujakaribia. Tulikaa juu ya mawe. Hakuna aliyeteka, hakuna aliyefua. Baada ya kitambo mama mmoja, mtu mzima mwenye watoto sita, alisema, "Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia maji yanaanguka na hakuna anayenisubiri niyalete." Kisha akalia kidogo, na wenzake wakamwacha alie.

Mpenzi mama, usione ajabu. Mtunga Zaburi wa 42 alipokuwa na huzuni alitaja maporomoko ya maji. Na katika Marko 6:31 Bwana Yesu aliwaona wanafunzi wake wamechoka, watu wakija na kwenda hata hawana nafasi ya kula, akawaita waende peke yao mahali pa faragha wapumzike kidogo. Hakuwaambia kwanza wamalize kazi, kwa sababu kazi ile haikuwa na mwisho. Walipofika ng'ambo walikuta umati unawasubiri, na siku hiyohiyo watu elfu tano walilishwa. Mapumziko yao yalikuwa safari ya mashua tu. Basi siku moja ya mama kupumzika si uvivu. Uchovu wa miezi mingi hugeuka hasira kwa watoto, maumivu ya kichwa yasiyoisha, na usiku usio na usingizi. Hayo nayaona kazini kila wiki.

Jibu la pili kwa yule baba ni hili: anayekwenda kutazama maji hujua yanakotoka. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Ukifika kwenye nyanda za Ngorongoro unalazimika kupanda, unapoa, na unyevu wake unakuwa ukungu na mvua. Miti huunasa ukungu huo na kuudondosha tone kwa tone. Udongo wa volkano chini yake huyanywa maji na kuyaachia polepole, nayo hutokea katika chemchemi na vijito hata wakati wa kiangazi. Upande wa pili wa milima, kule Olduvai na mbuga za Serengeti, nchi ni kavu zaidi, kwa sababu upepo ukifika huko umekwisha kuacha maji yake huku kwetu. Chemchemi zinazotoka chini ya msitu huu ndizo zinazonywesha vijiji vingi vya Karatu. Kwa hiyo maji ya ndoo yako na maji ya Endoro ni ndugu, mama yao ni mmoja, nao ni msitu.

Wazee wa Kiiraqw walilijua jambo hili kwa namna yao. Waliamini kwamba katika chemchemi na mito hukaa roho walizoziita netlaamee, na kwamba anayechafua mahali pale ataleta maradhi nyumbani. Sisi tuliobatizwa hatuziogopi roho hizo. Lakini tujiulize kwa uaminifu: hofu ile ilipoondoka, tumeweka nini mahali pake? Kama babu asiyemjua Kristo aliitunza chemchemi kwa hofu, je, mjukuu anayesema Mungu ndiye aliyeumba maji atafulia nepi juu ya mahali ambapo jirani anateka? Shukrani isiyotunza ni maneno matupu.

Na hapa sisi akina mama tunahusika zaidi, maana kuni ni zetu na maji ni yetu. Mti unaokatwa juu kwa ajili ya jiko la leo unapunguza ndoo ya kesho ya binti yako. Panda grevilea kwenye mipaka ya shamba. Matawi yake yatakupa kuni bila kukanyaga msituni. Tumia jiko lisilomaliza kuni nyingi. Chemchemi ya kijiji izungushiwe uzio, na ng'ombe wanyweshwe chini yake, si juu yake.

Jambo lingine la afya: usidanganywe na maji kwa kuwa yanang'aa. Maji ya Endoro yanapendeza macho, lakini wanyama wanaishi juu yake. Tuliwazuia wenzetu waliotaka kuyanywa kwa viganja. Maji ya mtoni na ya chemchemi yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu, yaachwe yakitokota dakika moja. Sehemu za juu sana, kama ukingo wa kreta ulio zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, yaache dakika tatu. Yafunike, na kikombe cha kuchotea kiwe na mkono.

Mkitaka kwenda, chagueni miezi ya ukavu, Juni hadi Oktoba. Wakati wa masika njia inateleza. Ulizeni kwanza mamlaka ya hifadhi juu ya kibali na ada. Vaeni raba, si kandambili. Chukueni sweta, maji yaliyochemshwa na chakula, na mrudi na takataka zenu. Mwenye mimba kubwa au presha asubiri safari nyingine. Watoto wadogo wabaki na baba zao. Ugali wa baba siku moja haujamwua mtu.

Wewe uliye mbali na Karatu usisikitike. Marangu wana Kinukamori, na njia ya Lushoto ina maporomoko ya Soni. Dar es Salaam haina maporomoko, lakini sehemu ya maji yake hutoka milima ya Uluguru kupitia Mto Ruvu. Mwezi huu waulize wazee: maji ninayopikia yanatoka wapi? Kisha tafuta siku, waite wenzako wawili au watatu, mwende mkapaone. Ndoo iacheni nyumbani.

Bwana awape nguvu mpya. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.