Malaba Kukoje?

Nyumba nyingi za huku kwetu pwani hulijua jina la Malaba kabla ya kuliona kwenye ramani. Baba ameondoka Mombasa na lori lililopakiwa bandarini. Siku kadhaa baadaye hupiga simu kusema amefika Malaba, yumo kwenye foleni. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Mtoto akiuliza Malaba kukoje, hujibiwa kwamba kuna malori mengi na vumbi. Juma hili tunawaomba akina baba na makaka walioko safarini wajibu kwa picha.

Picha za mpaka tuzionazo magazetini huwa ni za sherehe au za mashaka. Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, majengo yale yalipigwa picha kila upande. Kisha mwaka 2020, madereva wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, msururu wa malori ulifika makumi ya kilomita na picha zake zikaenea kote. Malori yalionekana, madereva hawakuonekana. Watu wakaanza kuwakimbia madereva kama kwamba ndio maradhi yenyewe, na unyanyapaa huo ukabisha hodi hata kwa wake na watoto wao. Laiti tungekuwa na picha ya dereva na utingo wake wakisonga ugali kivulini mwa trela!

Hiyo basi ndiyo picha ya kwanza tunayoitaka. Nyingine ni ya mwamba wa Tororo, unaoonekana ukiwa Malaba, ijapokuwa uko Uganda. Pale Malaba pia hupita reli ya zamani, ile njia iliyofika Kampala mwaka 1931. Busia kuna wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, na akina mama wenye omena, ndizi na trei za mayai. Wazee wa huko wanaikumbuka baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma, iliyobeba abiria kutoka upande mmoja hadi wa pili tangu miaka ya 1960. Ndiyo iliyozaa jina la bodaboda, kutokana na neno la Kiingereza la mpaka. Siku hizi pikipiki zimeifunika. Aliye na picha yake sandukuni ana hazina, wala pengine hajui.

Lakini simu isitolewe mfukoni ovyo. Ofisi za forodha na uhamiaji si mahali pa kupiga picha, na askari hatakuuliza kama ulikuwa ukiipigia familia. Zaidi ya hapo yuko mama anayevuka kwa njia ya panya na kikapu chake kichwani. Kwako wewe huyo ni mandhari ya kupendeza. Kwake yeye, uso wake ukienea kwenye simu za watu, huenda ikawa ndio mwisho wa riziki ya wanawe. Wapo pia ambao hawataki tu, kwa sitara yao, na hawadaiwi sababu. Hatuingii nyumba ya mtu bila hodi. Kwa nini tuingie usoni mwake? Mwamkue kwanza, umweleze picha ni ya nani, na ukishapiga umwonyeshe. Akisema ifutwe, ifute mbele ya macho yake. Mtoto aliye peke yake asipigwe kabisa mpaka mzazi wake apatikane.

Picha zikifika nyumbani, zisiachwe simuni zikapotea pamoja na simu. Chagueni mbili tatu zisafishwe dukani, na mama au binti aandike nyuma kwa kalamu: mahali, tarehe, na lori lilikuwa limebeba nini.