Saratani ya damu kwa watoto: kinga ya mwili yazuia ugonjwa kurudi, lakini dawa za zamani bado zakosekana kwetu

Mtoto mwenye saratani ya damu anaweza kupata nafuu kabisa, kisha ugonjwa ukarudi baada ya miezi au miaka. Ukirudi, kuuponya ni vigumu zaidi.

Desemba 2024, huko San Diego, Marekani, watafiti walitangaza matokeo ya jaribio la watoto 1440 wa Marekani, Canada, Australia na New Zealand. Wote walipewa kemotherapia ya kawaida, na nusu yao wakaongezewa dawa iitwayo blinatumomab. Miaka mitatu baadaye, asilimia 96 ya walioongezewa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Kwa wengine ilikuwa karibu asilimia 88.

Dawa hii haiui saratani yenyewe. Ni kama ina mikono miwili: mmoja unashika askari wa damu ya mgonjwa, yaani chembe T, mwingine unashika chembe ya saratani yenye alama ya CD19. Askari aliyekuwa akipita bila kumtambua adui analetwa mbele yake, na anamuua. Ubaya ni kwamba chembe nzima za kinga nazo zina alama hiyo, kwa hiyo maambukizi huongezeka.

Tena inaingizwa mshipani kwa pampu usiku na mchana, siku 28 mfululizo. Ukijua umeme wa Goma au Bukavu, hesabu ni rahisi.

Lakini tusome tena ile asilimia 88. Imepatikana bila dawa mpya, kwa kemotherapia iliyojulikana tangu miaka mingi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Kwetu mtoto mwenye homa isiyoisha, viganja vyeupe na damu puani anatibiwa malaria mara tatu kabla mtu hajaomba kipimo cha NFS.

Februari 2025, OMS na hospitali ya St. Jude ya Marekani zilianza kugawa bure dawa za saratani ya watoto. Mongolia na Uzbekistan zilitangulia, kisha zikapangwa Ecuador, Jordan, Nepal na Zambia. Zambia tunapakana nayo. Congo haikuwa katika hizo sita.