Shamba ni Lako, Hewa ni ya Nani?

Msomaji, hapana shaka umepata kumsikia mkulima akisema, “Shamba ni langu na majani yaliyomo ni yangu, nikiyachoma, wewe yakuuma nini?” Wengi huyakubali maneno hayo bila kuyachungua. Lakini moshi haujui mpaka wala kigingi. Mwenye shamba ana hati ya ardhi. Hewa hakuuziwa na mtu.

Tutazame miwa ya magharibi mwa Kenya. Mashamba mengine huchomwa kabla ya mavuno ili majani makavu yaondoke, wakataji wapate kufanya kazi upesi. Siwalaumu wakataji: jani la muwa hukata kama wembe, na nyoka hupenda kujificha humo. Lakini moshi ule una chembe ndogo mno, nyingine hazifiki hata sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele, nazo hupenya mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mtoto mwenye pumu aliye nyumba ya tatu, nani alimwuliza?

Na mchomaji mwenyewe afaidi nini? Naitrojeni iliyokuwa katika majani hupaa pamoja na moshi, kisha yeye huenda dukani kuinunua katika gunia la mbolea! Udongo hubaki uchi, jua likaukausha. Tena miwa iliyoungua hupoteza sukari upesi; ikikaa kungoja trekta, hasara ni yake.

Wapo wasemao kwamba kanuni za hewa zitamfilisi mkulima. Wakulima wa ngano wa Uingereza nao walikuwa wakichoma mabua kila baada ya mavuno, hata moshi ukatanda barabarani. Mwaka 1993 wakakatazwa. Siku hizi mabua hukatwakatwa na kufukiwa kwa jembe, au hufungwa matita, na ngano ingali yaota.

Kwetu, Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kanuni za Ubora wa Hewa zaweka mipaka ya uchafu hewani. Basi ukienda likizo, waulize wazee wako kwa adabu kwa nini majani yasitandazwe kati ya mistari ya miwa. Kisha mwulize karani wa kiwanda kama mkataji wa miwa isiyochomwa hulipwa zaidi, maana kazi yake ndiyo ngumu.